Sindano nyembamba, sindano nene au kisu: kinyama chako kichukuliwe kwa njia ipi?

Daktari ameupapasa uvimbe, ameutazama kwa ultrasaundi, kisha amesema: "Itabidi tuchukue kinyama." Hujafika hata getini, simu inaanza kuita. Dada anasema bora uvimbe utolewe wote mara moja, ya nini kudonoadonoa. Shemeji anaapa kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Na daktari mwenyewe amekuachia swali: tuanze na sindano, au twende moja kwa moja chumba cha upasuaji?

Mimi niko upande wa pili wa safari hiyo, kwenye meza ya maabara ya patholojia ambako vichupa hufunguliwa. Nimeona vipande vidogo kama uzi vikitoa jibu kamili, na nimeona uvimbe mzima ukifika bila kuweza kujibu swali lililoulizwa, kwa kuwa tu uliwekwa kwenye maji yasiyofaa. Kwa hiyo nitalinganisha njia tatu ambazo watu wengi wenye uvimbe hutakiwa kuchagua kati yake, na nitatazama zaidi kile kinachofika mezani.

Kwanza: je, kinyama kinahitajika?

Neno biopsi, jina la kitabibu la kuchukua kinyama, lilianzishwa na daktari wa ngozi wa Ufaransa, Ernest Besnier, mwaka 1879. Maana yake ni kutazama kitu kilichotoka kwa mtu aliye hai. Picha huonyesha uvimbe uko wapi na una ukubwa gani, ila mara nyingi haiwezi kusema ni wa nini. Ndiyo maana dawa kali za saratani na mionzi karibu kila mara hazianzi kabla ya ripoti ya kinyama. Na si saratani peke yake. Kinyama hutambua kifua kikuu cha tezi, chanzo cha figo kupitisha protini kwenye mkojo, kiwango cha makovu kwenye ini, na kama mwili unakataa kiungo kilichopandikizwa.

Lakini si kila uvimbe unahitaji kuguswa. Kifuko cha maji matupu kwenye titi kikionekana vizuri kwa ultrasaundi huachwa, au hufyonzwa tu kikiwa kinauma. Mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, akiwa na uvimbe unaoonyesha alama zote bayana kwenye picha za mashine ya CT zenye dawa ya kung'arisha, saratani ya ini huweza kuthibitishwa kwa picha bila sindano. Kuna pia mahali ambapo sindano hukwepwa kwa makusudi: korodani yenye uvimbe unaotiliwa shaka haichomwi kupitia mfuko wake. Hutolewa kwa upasuaji unaopitia kinena, ili seli zisimwagike kwenye njia nyingine. Muulize daktari wako swali hili kabla ya mengine yote: jibu la kinyama litabadilisha nini kwenye matibabu yangu?

Tunapima kwa vigezo gani

Kila njia nitaitazama kwa mambo matano: inacholeta mezani, inavyofanyika, hatari zake, muda wa majibu, na inapokwama. Mwisho nitasema inamfaa nani.

La kwanza ndilo zito kuliko yote. Kuna tofauti kubwa kati ya kuleta seli na kuleta nyama. Seli zilizofyonzwa ni kama matofali yaliyomwagwa chini. Utajua ni ya udongo au ya saruji, utaona yaliyopasuka, lakini hutajua nyumba ilikuwa na vyumba vingapi wala kama ukuta ulikuwa umebomolewa. Kwa magonjwa fulani matofali yanatosha kabisa. Kwa mengine, ugonjwa wenyewe ndio huo ukuta uliobomoka.

Sindano nyembamba

*Inacholeta:* seli tu. Sindano yenyewe ni ya geji 22 hadi 25, nyembamba kuliko ile ya kawaida ya kutolea damu, kwani kwenye geji namba ikipanda sindano inapungua unene. Kinachotoka mara nyingi ni tone moja lisilozidi punje ya mtama. Tone hilo hudondoshwa kwenye kioo, kioo cha pili kikalazwa juu yake na kuvutwa kwa mkono mwepesi hadi utando mwembamba ubaki. Kioo kimoja huachwa kikauke, kingine huzamishwa kwenye alkoholi papo hapo. Papo hapo kweli, si baada ya kumaliza kuandika jina la mgonjwa. Kioo cha alkoholi kikichelewa, seli hukauka, viini vyake huvimba na kufifia, na mtu aliye kwenye hadubini anabaki kutazama ukungu. Kioo kilichopakwa vibaya hakiwezi kurekebishwa, mgonjwa huitwa tena.

*Inavyofanyika:* hakuna kukatwa. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki, kwa sababu sindano ya ganzi ingeuma kama hiyo hiyo ya kipimo. Daktari huingiza na kuirudisha sindano kwa haraka ndani ya uvimbe kwa sekunde kadhaa, kisha hurudia mara mbili au tatu sehemu tofauti. Kama ni shingoni utaombwa usimeze mate na usiongee. Unainuka, unabandikwa plasta, unakwenda zako.

*Hatari:* kidoa cha damu iliyovilia na maumivu ya siku moja mbili. Hayo ni kwa uvimbe ulio karibu na ngozi, kwani sindano ikipelekwa kwenye pafu, hata ikiwa nyembamba, hesabu hubadilika.

*Muda:* ndiyo njia yenye haraka kuliko zote. Panapokuwa na mtaalamu wa seli, kioo kinaweza kutazamwa ukiwa bado kitandani, akasema kama seli zinatosha au sindano irudie.

*Inapokwama:* hapa naomba usome polepole. Kuna uvimbe wa tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, ambao seli zake zinafanana uwe salama au uwe saratani ya aina ya folikula. Kinachotofautisha ni kama seli zimetoboa gamba la uvimbe au zimeingia kwenye mishipa ya damu, na gamba haliji na sindano. Kwenye titi, sindano nyembamba inaweza kuona seli za saratani lakini haisemi kama bado zimo ndani ya mirija ya maziwa au zimekwishatoka na kuvamia. Kwenye limfoma, saratani ya tezi za limfu, ambako mpangilio wa tezi nzima ndio unaosomwa, mara nyingi huishia kwenye "inatiliwa shaka".

Halafu kuna jibu linalowapotosha watu kila siku: "seli hazitoshi". Ripoti za tezi ya thairoidi huandikwa kwa mfumo wa Bethesda wenye makundi sita, na kundi la kwanza ni hilo la sampuli isiyotosha. Wapo wanaosoma "kundi la kwanza" wakashukuru Mungu wakidhani ndilo salama zaidi. Kundi salama ni la pili. La kwanza maana yake hatujaona kitu cha kutolea hukumu, na kwa kawaida sindano hurudiwa.

*Inamfaa:* mwenye uvimbe wa thairoidi, mwenye tezi za limfu shingoni zinazoshukiwa kifua kikuu, mtu ambaye saratani yake inajulikana na kinachoulizwa ni kama imefika kwenye tezi fulani, na yule ambaye hali yake haimruhusu kufanyiwa kikubwa zaidi.

Sindano nene

*Inacholeta:* nyuzi za nyama zenye mpangilio wake. Kwa titi hutumika sana geji 14, ambayo ni kama milimita mbili. Kwa tezi dume, geji 18. Kila uzi una urefu wa kati ya sentimita moja na mbili. Nikifungua kichupa cha titi huwa natazama kabla sijashika koleo. Nyuzi nyeupe za kijivu zilizozama chini hunipa matumaini kwamba uvimbe umepatikana. Nyuzi za manjano zinazoelea juu mara nyingi ni mafuta matupu. Si sheria isiyovunjika, lakini madaktari wengi wanaochoma titi hutazama jambo hilo hilo pale pale kitandani kabla ya kuamua kuchukua uzi mwingine.

Uzi huo unatosha kujibu maswali ambayo tone la seli huyajibu kwa shida: saratani ni ya aina gani, imevamia au la, na kama ina vipokezi vya homoni na protini ya HER2 ambavyo ndivyo vinavyoamua dawa. Kwa vipimo hivyo vya titi nyama inatakiwa ikae kwenye formalini, dawa ya maji inayoihifadhi isioze, si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72.

*Inavyofanyika:* ganzi, mchano wa milimita chache kwenye ngozi, kisha sindano yenye springi huelekezwa kwa ultrasaundi, CT au mamografia, yaani eksirei ya titi. Hulia "ta!" kwa nguvu, na mlio ndio unaowashtua watu kuliko maumivu. Daktari mzuri huifyatua hewani kwanza usikie. Kama hajafanya hivyo, mwombe: "Daktari, naomba nisikie kwanza mlio wake." Kwa tezi dume huchukuliwa nyuzi kama 12 kwa mpangilio, kupitia njia ya haja kubwa au kupitia ngozi iliyo kati ya korodani na njia hiyo. Njia ya ngozi ina maambukizi machache zaidi. Kwa ini na figo utalazwa chali au ubavu kwa saa kadhaa huku shinikizo lako la damu likipimwa.

*Hatari:* kuvuja damu ndiyo ya kwanza, na uzito wake unategemea kiungo. Titi huvilia tu. Figo huweza kutoa mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili. Tezi dume huacha damu kwenye shahawa kwa wiki kadhaa, jambo linalotisha sana asiyeambiwa mapema. Pafu lina hatari yake: hewa kuvuja na kulibana. Hilo linaweza kumpata hata mtu mmoja kati ya watano, ingawa wengi wao hupona kwa kuangaliwa tu bila kuwekewa mrija.

Na lile la shemeji? Seli kubaki kwenye njia ya sindano ni jambo linalotokea, sitakuficha, lakini ni nadra, na wapasuaji wanalijua. Kwenye saratani za mifupa na misuli, sakoma, njia ya sindano hupangwa na yule yule atakayepasua baadaye, ili aiondoe pamoja na uvimbe. Kinachoumiza watu wengi zaidi ni miezi inayopita uvimbe ukiachwa bila jina kwa hofu hiyo.

*Muda:* siku kadhaa. Nyama lazima iive kwenye formalini, ipitishwe kwenye alkoholi, ijazwe nta, ikatwe vipande vyembamba vyenye unene wa mikroni tatu hadi tano (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha ipakwe rangi. Rangi maalumu zikihitajika, siku zinaongezeka. Kuongezeka huko si dalili ya habari mbaya. Mara nyingi ni mtu anayetafuta jina kamili.

*Inapokwama:* sindano inaweza kukosea shabaha. Ndiyo maana kwa titi hulinganishwa mambo matatu: mkono wa daktari, picha, na kinyama. Picha ikisema hatari na kinyama kikasema salama, usifunge faili. Kinyama kinarudiwa au uvimbe unatolewa. Pia ripoti ikitaja seli za mirija zisizo za kawaida ambazo hazijawa saratani, mara nyingi hushauriwa sehemu hiyo ikatwe, maana saratani inaweza kuwa pembeni tu ya pale sindano ilipopita.

*Inamfaa:* mwenye uvimbe wa titi unaotiliwa shaka, uvimbe wa ini, figo au pafu unaofikika, tezi dume, na mtu yeyote ambaye matibabu yake yanangoja vipimo vya vipokezi.

Kisu

*Inacholeta:* kipande kikubwa, au uvimbe wote na gamba lake na kingo zake. Kuna kukata sehemu, pale uvimbe ni mkubwa mno, na kuna kuutoa wote. Kwa ngozi kuna ndugu mdogo wa njia hii, kibomba chenye makali ya duara, mara nyingi cha milimita 3 au 4, kinachozungushwa na kutoa kipande cha ngozi chenye tabaka zake.

Mfano unaoonyesha thamani ya kisu ni doa jeusi linaloshukiwa melanoma, saratani ya seli za rangi za ngozi. Tangu daktari wa patholojia Alexander Breslow alipochapisha kazi yake mwaka 1970, kinachopimwa ni kina cha uvimbe kwa milimita, na kipimo hicho ndicho kinachoongoza upana wa upasuaji unaofuata. Doa likiparuzwa juujuu, chini yake hubaki mwilini na kina hakipimiki tena. Linapowezekana, hutolewa lote na ukingo mwembamba wa milimita 1 hadi 3.

*Inavyofanyika:* ganzi au nusukaputi, nyuzi za kushona, kovu, kidonda cha kutunza.

*Hatari:* damu, usaha, dawa ya usingizi. Lakini ipo nyingine isiyosemwa sana: kupasua kabla hujajua unapasua nini. Uvimbe wa titi ukitolewa kwa kudhaniwa ni wa kawaida, halafu ripoti ikaja na saratani, mara nyingi kingo hukutwa na ugonjwa na mama yule hurudi tena kitandani. Pengine alikuwa mtu wa kuanza dawa kwanza ili uvimbe usinyae, na sasa nafasi hiyo imepita. Kwa titi, kwa hiyo, namjibu dada waziwazi: sindano kwanza, kisu baadaye, isipokuwa daktari akupe sababu mahususi.

*Muda:* siku kadhaa, na kipande kikubwa hukawia zaidi kwa kuwa formalini huingia polepole. Ipo njia ya kugandisha kipande wakati upasuaji ukiendelea, na jibu hurudi chumba cha upasuaji ndani ya dakika kama 20. Hilo ni la kumwongoza mpasuaji. Ripoti ya mwisho bado husubiriwa.

*Inapokwama:* kisu hakikosi nyama. Kinachokosewa ni kichupa. Nyama ikishaingia kwenye formalini, vijidudu vimekufa, na haiwezi kuoteshwa tena kutafuta kifua kikuu. Tezi inayoshukiwa limfoma nayo mara nyingi hutakiwa iletwe mbichi, angalau sehemu yake, kwa ajili ya vipimo visivyokubali formalini. Nimewahi kupokea tezi nzima ya shingo, nzuri, imetolewa kwa ustadi, imezama kwenye formalini, na fomu ikiomba ioteshwe. Mgonjwa alikuwa kijana. Hakukuwa na tezi nyingine ya karibu ya kuchukua kirahisi. Kabla ya upasuaji muulize mpasuaji, kwa heshima, "Daktari, kuna kipande kitakachokwenda bila formalini?" Swali hilo halimdharau mtu.

*Inamfaa:* anayeshukiwa limfoma, mwenye doa la ngozi linalobadilika, mwenye uvimbe wa thairoidi ambao sindano imeshindwa kuuamua, na yeyote ambaye majibu ya sindano hayalingani na picha.

Pasipo na uchaguzi mkubwa

Tumbo na utumbo mpana hufikiwa kwa kamera yenye koleo dogo. Kubanwa kwenyewe hakuumi, kwa kuwa utando wa ndani hauhisi mbano huo. Vidonda vya tumbo huchukuliwa vipande kadhaa, si kimoja. Mlango wa kizazi hupakwa asidi ya siki, sehemu zinazogeuka nyeupe hukatwa kidogo. Uboho huchukuliwa nyuma ya nyonga. Na kipimo cha damu kinachotafuta vinasaba vya saratani kinasaidia kuchagua dawa kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wa saratani ya pafu, lakini kisipoona kitu hakijathibitisha kwamba hakuna kitu.

Kwa hali yako

Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Sema mapema, usizikatishe mwenyewe, hasa kama una vali ya bandia au umewekewa stenti, kile kimrija cha kupanua mshipa wa moyo. Kwa sindano nyembamba shingoni mara nyingi hakuna haja ya kuziacha. Kwa figo au ini, daktari atataka kwanza vipimo vya kuganda kwa damu na idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda.

Kama uvimbe uko kwenye thairoidi, anza na sindano nyembamba, na ujiandae kiakili kwamba huenda ikarudiwa. Kama ni titi, omba sindano nene. Ukiambiwa ipo nyembamba tu mahali ulipo, ifanywe, ila jibu likiwa la saratani uliza vipokezi vitapimwa kutoka wapi, na likiwa la salama lilinganishwe na picha kabla hujapumua.

Tezi za shingo zenye homa za jioni na kikohozi huanza vizuri na sindano nyembamba, sehemu ya kilichotoka ikipelekwa kutafutwa kifua kikuu. Tezi hizo hizo zikiwa zinakua, haziumi, na sindano imetoa jibu la kigugumizi, usikubali sindano ya tatu ya aina ile ile. Tezi moja itolewe nzima.

Uvimbe mkubwa ndani ya paja unaokua, usikubali utumbuliwe na mtu asiye na mpango wa matibabu yake. Nenda kwa timu itakayokupasua, wao ndio wapange sindano ipite wapi.

Na ukipewa majibu, chukua nakala ya ripoti yenye namba yake. Nyama yako imebaki maabara ndani ya kibonge cha nta chenye namba hiyo, na kwa kawaida kibonge hutunzwa kwa miaka. Ukitaka maoni ya daktari wa pili, kinaweza kukatwa tena na kusomwa kwingine, bila wewe kuchomwa tena.